Nguzo Moja, Vitabu Viwili: Bei ya Simu Marekani, 1877–1934

Mwanzoni mwa Aprili 2021 bei mpya za vifurushi vya simu na intaneti zilianza kutumika hapa nchini, na baada ya kilio cha wananchi serikali ikaagiza zisitishwe. Kilio kile kilikuwa cha haki. Hata hivyo, karibu yote niliyoyasoma siku zile, magazetini na mitandaoni, yalizunguka swali moja tu: bei ni kubwa au ni ndogo? Swali la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo mzazi wa la kwanza, sikuliona likiulizwa. Minara, mitambo na nyaya ambazo kampuni husema inataka kurudisha gharama zake zimeandikwa kwa thamani gani katika vitabu vya hesabu? Na vitabu hivyo vinasema zitachakaa baada ya miaka mingapi?

Maswali haya mawili, la bei na la mali, yana historia ndefu, na mahali yalipopiganiwa kwa uwazi zaidi ni Marekani, katika biashara ya simu za waya. Nimeichagua historia hiyo kwa sababu moja ya kiutafiti. Kule mzozo ulifika mahakamani mara nyingi, na mahakama zikaandika hadharani hesabu ambazo kwa kawaida kampuni hufungia kabatini. Kwa hiyo tunaweza kuona pande zote mbili: jinsi wateja walivyofanya bei ilipobadilika, na jinsi kampuni ilivyohesabu mali yake ili kuitetea bei hiyo.

Alexander Graham Bell alipata hataza yake ya kwanza ya simu Machi 1876. Mwaka uliofuata yeye na wenzake walifanya uamuzi ambao athari zake zilidumu kwa zaidi ya karne: hawakuuza simu, waliikodisha. Tangazo lao la mwaka 1877 lilitaka dola 20 kwa mwaka kwa jozi ya simu za matumizi ya nyumbani, na dola 40 kwa matumizi ya biashara, zikilipwa nusu mwaka kabla. Mteja hakumiliki kitu. Alimiliki haki ya kutumia, na haki hiyo ilikufa siku aliyoacha kulipa ada. Kwa upande wa pili, mali yote ilibaki katika vitabu vya kampuni. Kila nguzo, kila waya, kila kisanduku kilichotundikwa ukutani sebuleni kwa mtu kilikuwa mali ya kampuni, na mali ni lazima ithaminiwe na ichakazwe kitabuni. Tangu siku hiyo bei ya ada na hesabu ya mali zikawa pacha.

Januari 1878 kituo cha kwanza cha kibiashara cha kuunganisha simu kilifunguliwa New Haven, jimbo la Connecticut, kikiwa na wateja 21. Hapo ndipo lilipojitokeza jambo ambalo wanafunzi wangu wa uchumi huliona kama kichekesho wanapolisikia mara ya kwanza. Katika biashara nyingi, wateja wakiongezeka gharama kwa kila mteja hupungua. Katika kituo cha simu kilichoendeshwa kwa mikono ilikuwa kinyume. Wateja 20 wanaweza kuunganishwa na msichana mmoja mbele ya ubao mmoja, lakini wateja 5,000 wanahitaji mbao nyingi, wasichana wengi, na nyaya za kuunganisha mbao zenyewe kwa zenyewe, maana kila mmoja lazima aweze kumfikia kila mwingine. Huduma ilizidi kuwa na manufaa kadiri watu walivyojiunga, na wakati huohuo ilizidi kuwa ghali kuitoa. Mameneja wa Bell walilijua hilo mapema, ndiyo maana ada katika miji mikubwa ilikuwa kubwa kuliko ya miji midogo. Walijua pia kwamba ada ya mkupuo, yaani mtu analipa kiasi kimoja kwa mwaka na kupiga simu apendavyo, ilimfanya mteja akopeshe simu yake kwa majirani, wapangaji na wapita njia. Suluhisho lao lilikuwa kutoza kwa kila simu inayopigwa.

Walilijaribu Rochester, jimbo la New York, mwaka 1886. Novemba mwaka huo wateja wa mji ule walitundika simu zao na kuacha kuzitumia. Ulikuwa mgomo kamili, nao ulidumu takriban mwaka mmoja na nusu, hadi Mei 1888. Kampuni ikaliweka kando pendekezo lake. Mwanaharakati wa leo akisoma habari hiyo moyo wake hufurahi, na ana sababu: ni mfano wa mapema wa watumiaji wa huduma kulishinda shirika lililokuwa na hataza mkononi na lisilokuwa na mshindani.

Lakini hebu tutazame ni nani aliyegoma. Mwaka 1886 wenye simu walikuwa hasa wafanyabiashara, madaktari, mawakili na wenye viwanda. Ada ya mkupuo iliwafaa kwa sababu walipiga simu mara nyingi kila siku. Fundi viatu au mama wa nyumbani aliyehitaji simu mara tatu kwa wiki hakuwamo katika mgomo kwa kuwa hakuwamo katika orodha ya wateja. Ada ya mkupuo ilikuwa imemfungia nje. Mgomo wa Rochester uliilinda bei ya waliokuwamo ndani.

Miaka michache baadaye mfumo uleule uliokataliwa Rochester ulileta matokeo mengine kabisa. Katika jiji la New York ada ya mkupuo ilikuwa imefikia dola 240 kwa mwaka, kiasi ambacho mfanyakazi wa kawaida wa kiwandani angelazimika kukitafuta kwa karibu nusu mwaka wa kazi. Mwaka 1894 kampuni ilianza kutoza kwa idadi ya simu. Aliyepiga chache alilipa kidogo, na wateja wakaongezeka kwa kasi. Chicago walikwenda mbali zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya simu ya mji huo iliweka majumbani simu zenye tundu la sarafu. Nyumba kadhaa zilishirikiana laini moja, kila anayepiga alitumbukiza senti tano, na kilichotakiwa kilikuwa kiwango cha chini tu cha matumizi. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji maelezo marefu hapa. Hiyo ndiyo vocha, karne moja kabla ya vocha. Sisi nasi tuliona jinsi simu ya mkononi ilivyotoka mifukoni mwa wakubwa na kuenea kwa kila mtu pale malipo ya mwezi yalipoacha nafasi kwa malipo ya kabla.

Kwa hiyo tunaposema kwamba bei ikipanda mahitaji hushuka, tunasema kweli lakini hatujasema mengi. Bei ya huduma ya kujiunga ina sehemu mbili, kiingilio na matumizi, na kila sehemu inagusa watu tofauti. Kiingilio ndicho huamua nani atakuwa mteja. Bei ya matumizi huamua mteja atatumia kiasi gani. Ukipunguza cha kwanza na kuongeza cha pili, wateja wa zamani watapiga kelele na wapya wataingia kimyakimya. Wapya hawana chama wala gazeti, kwa hiyo sauti yao haisikiki hadi mtu atakapohesabu orodha ya wateja mwishoni mwa mwaka.

Jaribio kubwa kuliko yote lilikuja hataza za Bell zilipokwisha muda wake, mwaka 1893 na 1894. Wakati huo Marekani nzima ilikuwa na takriban simu robo milioni. Kampuni huru zikachipua kama uyoga, hasa katika miji midogo na vijiji vya magharibi ya kati, ambako Bell haikujali kufika. Wakulima walinunua nyaya wakazitundika wenyewe. Bei zikashuka, na Bell ikalazimika kushusha zake. Mwaka 1907 nchi ilikuwa na simu zipatazo milioni 6, na karibu nusu yake zilikuwa za kampuni huru. Ongezeko la namna hiyo ndani ya miaka 13 linatuambia jambo moja bila kificho: kabla ya 1894 mahitaji yalikuwapo, bei ndiyo iliyoyazuia. Waliodai kwamba simu ni chombo cha wenye nafasi kwa asili yake walikuwa wakieleza matokeo ya bei yao wenyewe kana kwamba ni sheria ya maumbile.

Hata hivyo nyingi kati ya kampuni huru hazikudumu, na sababu moja ya kufa kwao inapaswa kuwakosesha usingizi wanaotetea bei ndogo kwa gharama yoyote. Hazikuweka akiba ya uchakavu. Nguzo ya mti huoza, waya hupata kutu, ubao wa kuunganishia hupitwa na wakati. Kampuni mpya, ambayo nguzo zake zote ni za mwaka jana, inaweza kutoza ada ndogo, kugawa faida na kuonekana hodari kwa miaka kadhaa, kwa sababu gharama ya kuoza haijajitokeza. Kisha nguzo zote zikaanguka takriban wakati mmoja, fedha za kununua nyingine hazikuwapo, na mjumbe wa Bell alikuwa mlangoni na hundi. Bei ilikuwa nafuu kwa kuwa mteja wa leo alikuwa akila nguzo ya mteja wa kesho.

Theodore Vail, aliyerejea kuiongoza AT&T, kampuni mama ya Bell, mwaka 1907, aliuelewa udhaifu huo vizuri kuliko washindani wake. Kaulimbiu yake kuanzia mwaka 1908 ilikuwa sera moja, mfumo mmoja, huduma kwa wote. Alinunua kampuni huru, na alipobanwa na serikali kuu alikubali, kwa makubaliano ya Desemba 1913, kupunguza ununuzi huo na kuziruhusu kampuni zilizobaki kuunganishwa na mtandao wake wa masafa marefu. Lililo muhimu kwetu ni kwamba Vail hakuogopa kudhibitiwa. Alisema wazi kwamba kama ushindani utaondoka, tume za umma zichukue nafasi yake. Aliona mbali. Ushindani huuliza bei ni ngapi. Tume huuliza kampuni ina mali ya thamani gani, na jibu la swali hilo alikuwa nalo yeye.

Hapo tunaingia katika sehemu ngumu ya habari hii, nami namwomba msomaji avumilie, maana ndimo ulimokuwa ugomvi wenyewe.

Mwaka 1898 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Smyth dhidi ya Ames, iliyohusu nauli za mizigo za reli katika jimbo la Nebraska. Mahakama ilisema kwamba serikali ikipanga bei ni lazima iiachie kampuni faida ya haki juu ya thamani ya haki ya mali inayotumika kuuhudumia umma. Maneno hayo yanapendeza, lakini thamani ya haki ni ipi? Ni fedha zilizotumika kujenga, au ni fedha ambazo zingehitajika kujenga upya leo? Mahakama ilitaja vipimo kadhaa pamoja bila kusema kipi kitangulie. Wakili mmojawapo wa Nebraska alikuwa William Jennings Bryan, mwanasiasa wa wakulima, naye alitetea gharama ya kujenga upya. Alikuwa na sababu. Bei za vitu zilikuwa zimeshuka kwa miaka mingi, na reli ile ingejengwa kwa fedha kidogo kuliko zilizotumika zamani, sembuse hisa zilizokuwa zimevimbishwa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza bei zikapanda, na wahusika wakabadilishana viti. Kampuni, ambazo zamani zilishikilia gharama ya awali, sasa zikataka gharama ya kujenga upya. Watetezi wa umma wakaikimbilia gharama ya awali. Nimesoma hoja za pande zote mbili na sioni kwamba kanuni za uhasibu zenyewe zilikuwa zimebadilika hata kidogo.

Kampuni ya simu ya Southwestern Bell ilifika mbele ya mahakama hiyohiyo mwaka 1923, ikilalamikia tume ya jimbo la Missouri iliyoiagiza ipunguze ada za wateja. Tume ilikuwa imeithamini mali ya kampuni kwa dola milioni 20 na kidogo. Mashahidi wa kampuni walisema ni zaidi ya milioni 30. Mahakama ikasema isiwe chini ya milioni 25, na agizo la kupunguza ada likaanguka. Nyaya zilikuwa zilezile, nguzo zilezile, wateja walewale. Tofauti ya milioni 10 ilikuwa kalamu. Jaji Louis Brandeis, akiungwa mkono na Jaji Holmes, alikubaliana na matokeo lakini akaishambulia njia yote iliyotumika. Kwake yeye kinachostahili faida ni fedha ambazo wawekezaji walizitoa kwa busara, kwa sababu fedha hizo zinaweza kuhesabiwa. Gharama ya kujenga upya ni makisio, na atakayeweza kulipia makisio makubwa zaidi ndiye atakayeshinda.

Mwaka huohuo wa 1923, mwezi Agosti, tume ya biashara ya jimbo la Illinois iliiagiza kampuni ya Illinois Bell ipunguze ada za simu za sarafu mjini Chicago. Angalia ni huduma gani iliyoguswa: zile zile simu za senti tano, za watu wa kipato kidogo. Kampuni, ambayo karibu hisa zake zote zilikuwa mikononi mwa AT&T, ilikimbilia mahakama ya shirikisho ikapata zuio, kwa sharti kwamba ikishindwa itawarudishia wateja tofauti ya bei. Kisha kesi ikalala, ikaamka, ikafika Mahakama ya Juu mwaka 1930, ikarudishwa chini ili hesabu zichunguzwe upya, zikiwamo bei ambazo Illinois Bell ililipa kwa Western Electric, kiwanda cha vifaa ambacho nacho kilimilikiwa na AT&T. Mahakama ya chini ikaipa kampuni ushindi tena. Ilikuwa Aprili 1934, miaka 11 tangu agizo kutolewa, Mahakama ya Juu ilipotoa uamuzi wa mwisho katika kesi iliyojulikana kwa jina la Lindheimer.

Kampuni ilidai kwamba bei iliyopunguzwa ingeifilisi. Jaji Mkuu Charles Evans Hughes alianza kwa kutazama maisha halisi ya kampuni hiyo katika miaka ya kesi. Ilikuwa imeendelea kulipa gawio la asilimia 8, imelipa riba zake, imeongeza ziada, imepanua mitambo. Madai yalisema inakufa, vitabu vilisema inanenepa. Ilibidi moja kati ya hayo liwe na kasoro, na kasoro ilipatikana katika uchakavu.

Kampuni ilihesabu uchakavu kwa njia mbili. Katika kitabu cha matumizi ya mwaka iliuhesabu kwa makadirio ya umri: kila aina ya mali ilipewa miaka yake ya kuishi, na sehemu ya gharama yake ikatolewa katika mapato ya kila mwaka kwenda kwenye akiba. Kiasi hicho kiliingia katika gharama za uendeshaji, na gharama hizo ndizo mteja alizilipia. Lakini ilipofika kueleza mali iliyopo ina thamani gani, ili ipigiwe faida, kampuni iliwatuma wahandisi wakakague kwa macho. Wahandisi walirudi wakisema mali iko katika hali njema sana, uchakavu wake haufiki asilimia 10. Akiba iliyokwisha kukusanywa kutoka kwa wateja ilikuwa zaidi ya mara mbili ya uchakavu huo ambao kampuni ilikiri.

Nitumie mfano wangu mwenyewe, kwa shilingi, ili jambo lionekane. Nguzo imenunuliwa kwa 300,000, na kitabu kinasema itaishi miaka 15. Kila mwaka wateja wanatozwa 20,000 za uchakavu. Baada ya miaka mitano wamelipa 100,000. Kwa mantiki ya kitabu hicho nguzo sasa ina thamani ya 200,000, na faida ya asilimia 8 juu yake ni 16,000 kwa mwaka. Lakini mhandisi anakuja, anaigonga nguzo, anasema imechakaa kwa asilimia 9 tu. Thamani yake ni 273,000, na faida ni 21,840. Nguzo hiyo inazeeka upesi inapohesabiwa kama gharama, na inabaki kijana inapohesabiwa kama mtaji. Mteja analipa mara mbili, na bado hatujaizungumzia ile 100,000. Fedha hizo hazikukaa benki zikiisubiri nguzo ianguke. Zilinunua nguzo nyingine mtaa wa pili, ambazo nazo ziliingia katika mali ya kampuni, na mteja yuleyule akatozwa faida juu yake. Mahakama ililiona hilo. Ilisema, kwa maneno yangu, kwamba akiba ikizidi uchakavu wa kweli basi watumiaji wa huduma wanakuwa wamechangia mtaji wa kampuni, na kampuni haiwezi kudai faida juu ya mtaji ambao si yake iliyoutoa.

Kampuni ikashindwa. Wateja wa Chicago walipaswa kurudishiwa tofauti ya bei kwa miaka yote ya zuio, na jumla yake ilikuwa mamilioni ya dola, yakitoka katika malipo madogo madogo ya watu wasiohesabika.

Wakati kesi hiyo ikiendelea, mdororo mkuu wa uchumi ulikuwa ukiifanyia biashara ya simu jaribio jingine ambalo hakuna aliyelipanga. Mwaka 1930 Marekani ilikuwa na takriban simu milioni 20. Mwaka 1933 zilikuwa chini ya milioni 17. Bei za chakula na nguo zilikuwa zimeporomoka pamoja na mishahara, lakini ada ya simu, iliyofungwa katika maagizo ya tume na mazuio ya mahakama, haikufuata. Bila kupandishwa hata senti moja, ilikuwa imepanda kwa mtu aliyekatwa mshahara, naye akakata simu. Makumi ya maelfu ya wafanyakazi wa mfumo wa Bell walipoteza kazi. Gawio la AT&T, dola 9 kwa hisa kwa mwaka, halikuguswa katika miaka yote hiyo. Nauliza fedha za gawio hilo zilitoka wapi, wakati wateja milioni tatu wa nchi nzima walikuwa wameondoka, na sipati jibu kamili bila kuzitazama akiba na ziada zilizokusanywa katika miaka ya neema.

Uamuzi wa 1934 haukumaliza kila kitu. Mwaka huohuo Bunge la Marekani liliunda tume ya shirikisho ya mawasiliano, na tume hiyo ikaandaa kanuni za uhasibu zilizotaka mali iandikwe kwa gharama ya awali, yaani fedha alizotoa yule wa kwanza aliyeiweka katika huduma, hata kama baadaye iliuzwa kwa bei ya juu. AT&T ilizipinga kanuni hizo hadi Mahakama ya Juu, na Desemba 1936, kwa kalamu ya Jaji Benjamin Cardozo, ilishindwa. Mwaka 1944, katika kesi ya gesi ya Hope, mahakama iliachana kabisa na utumwa wa thamani ya haki. Brandeis alikuwa amefariki mwaka 1941.

Sasa nirudi nyumbani, kwa ufupi. Aprili 2016 EWURA iliondoa ada ya huduma ya shilingi 5,520 kwa mwezi iliyokuwa ikitozwa wateja wa kawaida wa TANESCO. Hilo lilikuwa swali la Rochester na New York, kiingilio na matumizi, na kwa mtu anayenunua umeme wa elfu tano kwa mwezi lilikuwa jambo kubwa kuliko mabadiliko yoyote ya bei ya uniti. Gharama ya kuunganisha umeme kijijini ya shilingi 27,000 nayo ni ya kundi hilo. Tunapojadili bei, tujadili sehemu zake, na tuulize ni nani bado yuko nje ya orodha.

Kuhusu mali, sheria zetu zinatoa nafasi ambayo hatuitumii. Mamlaka ya maji au shirika likiomba kubadilisha bei, EWURA huita taftishi, na mwananchi yeyote anaweza kufika akasema. Wengi hufika wakasema bei ni kubwa na maji hayatoki, na ni kweli. Ningependa kumwona mmoja akisimama na kuuliza mambo ambayo Chicago iliyauliza kwa miaka 11. Bomba hili mmeliandika kwa gharama gani, nani alilitolea fedha, na kama ni mkopo wa serikali au msaada wa wafadhili, kwa nini niulipie faida? Mmelipa miaka mingapi ya kuishi, na mhandisi wenu anasemaje juu ya umri wake? Fedha za uchakavu mlizotutoza miaka mitano iliyopita zimenunua nini? Na kama hamkutoza kabisa, kama zile kampuni huru za wakulima, mabomba haya yakioza mtabadilisha kwa fedha zipi? Katika maombi ya bei niliyowahi kuyapitia, majedwali ya mali na uchakavu huwekwa kurasa za nyuma kabisa, baada ya saini na mihuri.